Mabeki Wangu Mia kwa Mia

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi kali, lakini akili imeamka! Kamati ya timu ya Mwanjelwa imeniachia mimi, Bushiri muuza kanga, niwachague walinzi watakaocheza na Iringa Jumapili. Sharti moja tu: tukifungwa, kiti cha mchaguzi anachukua Yunusu, fundi cherehani. Yunusu! Mtu ambaye kwake beki mzuri ni mwenye mapaja manene. Mimi nitapima. Kila mchezaji kwa nafasi yake, kila nafasi kwa alama mia. Mambo ya kisasa haya.

Jumanne, 3 Julai

Leo golikipa, Alawi. Nilipanda juu ya pipa nikamrushia maboga ishirini. Kadaka kumi na tano. Moja limempata puani. Alama sabini na tano, si haba! Mke wangu Bibie kauliza kama hao Iringa wanacheza na maboga. Wanawake na mpira wapi na wapi. Yaliyopasuka tumeyala mchana na usiku, na kesho yapo tena.

Alhamisi, 5 Julai

Fulbeki wa kushoto, Jailos. Mnyakyusa, mpole, mtu wa maneno machache. Nimeazima mbuzi kumi kwa mchinjaji, nikawafungulia kwenye uchochoro wa soko, Jailos kasimama katikati. Hakupita hata mmoja! Beberu kubwa lilijaribu mara mbili, likarudi linalia. Mia kwa mia!

Yunusu alikuwa anapita. Akasema nimepima miguu tu, mwenye miguu sijamuuliza lolote. Nimuulize nini? Mbuzi wameshamjibia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Baadaye mbuzi waliingia kwenye mchicha wa akina mama. Nimetukanwa kwa lugha nne. Heri yangu naijua moja.

Jumapili, 8 Julai

Aibu, kisha ushindi! Nitaandika kwa mpangilio.

Uwanja wa Iyunga umefurika. Dakika ya kumi, winga wa kulia wa Iringa anakuja na mpira. Mwalimu Didas, mtu mzima, mvi tupu, anakimbia kwa awamu. Nikacheka moyoni. Maskini, anaelekea kwa Jailos! Jailos akamwona. Akasogea pembeni, akainamisha kichwa, akamwachia njia pana ya kupita na gari. Goli. Dakika ya ishirini, vilevile, na safari hii Jailos kapiga magoti kabisa. Goli la pili!

Mapumziko nilimkimbilia nusura nimkabe. Akaniambia kwa adabu kwamba Mwalimu Didas ndiye baba wa mkewe, Severina, na kwamba kwao mkwe hakingiwi njia hata kama anakwenda msalani. Akashangaa kwamba katika kupima kote kule sikumuuliza kaoa wapi.

Nilihisi kulia. Kiti changu nilikiona kinaondoka, na Yunusu kakikalia. Yunusu mwenyewe wala hakunicheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. Alimhamishia Jailos upande wa kulia, mbali na mkwewe, akaenda kunywa maji.

Ndipo Bibie, aliyekuwa kwenye kamba ya pembeni mwa uwanja na wenzake, akapaza sauti kwamba senta fowadi wao, Joachim, kaoa binti wa Mzee Sedekia, huyu huyu anayeuza machungwa nje ya uwanja. Nikaruka! Mechi ya kirafiki, refa hakuwa na neno. Tukamtoa Alawi, tukamvika Mzee Sedekia jezi juu ya koti lake, tukamsimamisha golini. Refa alimnyang'anya fimbo tu.

Kipindi cha pili Joachim akawapiga chenga watu watatu, akabaki yeye na goli. Akamwona mkwewe. Akasimama! Akainama, akashika magoti, akamwamkia. Mzee akaitikia, akauliza hali ya wajukuu. Kabla hajamaliza kuwataja wote, vijana wetu walikuwa wameshachukua mpira na kufunga upande wa pili. Mara nne Joachim alikuja, mara nne aliamkia. Tatu kwa mbili! Tumeshinda! Nimebebwa mabegani kutoka Iyunga mpaka barabara kuu, na nimelia mbele za watu, sioni haya kuliandika.

Jumatatu, 9 Julai

Kamati imenithibitisha. Kiti ni changu! Yunusu kanipa mkono wa pongezi, mbele ya wote.

Nimekaa na daftari langu, nikapiga hesabu kwa utulivu. Alawi kasimama golini kipindi kimoja, kafungwa mawili. Mzee Sedekia kasimama kipindi kimoja, hakufungwa hata moja. Hesabu haidanganyi. Mia kwa mia, na sijaona golikipa kama yeye toka nifike nyanda hizi! Nimemwandika kwa mechi ya Rujewa mwezi ujao. Tena nimewatangazia kamati, kwa sauti, kwamba Rujewa wakipata hata goli moja, kiti achukue Yunusu bila kesi. Yunusu kacheka mpaka kashika ukuta. Sijui nini kimemfurahisha.

Bibie kauliza kama Mzee Sedekia ana mkwe Rujewa. Nimemwambia asichanganye mambo ya ndoa na mpira.