Mteja wa Siri Ndani ya Suti ya Watu

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata kazi. Sikuiomba. Imekuja yenyewe kwenye simu saa tatu asubuhi, nikipiga pasi shuka za nyumba ya wageni. Mkurugenzi wa kampuni fulani anasema nimechaguliwa miongoni mwa maelfu kuwa mteja wa siri. Yaani: unaingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, unanunua, unawachunguza wahudumu, unaandika ripoti. Basi. Unalipwa kwa kununua.

Na ananiita Mheshimiwa. Miaka kumi na saba ya udobi, mtaa mzima unaniita Mipango, kwa kejeli, tangu ule mradi wangu wa sungura waliokimbia wote siku moja. Leo Mheshimiwa. Nimeisoma mara nne. Foronya moja imeungua. Namshukuru Mungu, na namshukuru Mkurugenzi, ambaye simjui lakini yeye ananijua.

Mke wangu sijamwambia. Sharti la kwanza la kazi ni siri.

Jumanne, 4 Juni
Hundi imefika! Kaileta mtu wa pikipiki ambaye hakuvua kofia. Nimelipwa kabla sijanyanyua hata kidole. Nani siku hizi anamwamini mtu kiasi hicho? Wateja wangu hawalipi mpaka wahesabu vifungo.

Nikakimbilia benki. Bahati mbaya, dirishani alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Huyu anavaa tai hata Jumapili, na mama mkwe hawezi kumaliza mlo bila kumtaja. Akaigeuza hundi mbele na nyuma, akauliza imetoka kwa nani. Nikasema kwa mteja. Sikudanganya sana. Akaniambia itachukua siku kadhaa kuiva, nisitumie hata senti mpaka yeye aniambie. Wivu mtupu. Nilimshukuru kwa risiti, nikaondoka.

Jumatano, 5 Juni
Mkurugenzi kaandika mara sita leo. Kazi haiwezi kusubiri benki, anasema. Mteja wa siri hodari hutanguliza pesa yake, hundi ikiiva anajirudishia na cha juu kinabaki kwake. Niende supamaketi, ninunue kadi za zawadi, zile zenye pesa ndani zinazoning'inia karibu na kaunta. Nizikwangue, namba nizipige picha nimtumie, kampuni ipime kama kadi ni nzima. Kisha ripoti ya huduma, kila mhudumu na maksi zake. Nilijaribu kumpigia. Hapokei simu, yuko kwenye mikutano. Mtu mkubwa. Nashukuru anapata hata muda wa kuniandikia.

Tatizo ni pesa ya kutanguliza. Iliyopo nyumbani ni ya oveni. Mke wangu anaoka mikate kwa sufuria, makaa chini na makaa juu, moshi umemharibu macho. Miaka miwili amekuwa akitumbukiza faida kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Wiki iliyopita zilitimia. Jumamosi anakwenda kununua.

Lakini kabla ya Jumamosi si zitakuwa zimerudi, tena na nyongeza? Nimekaa na kopo mapajani muda mrefu. Kisha nikalifungua, nikazihamishia mfukoni.

Alhamisi, 6 Juni
Mteja wa siri haingii supamaketi na shati lenye alama ya pasi mgongoni. Kwenye kamba kulikuwa na suti ya kijivu. Iliachwa na dereva wa mtu, wanaifuata kesho. Nikaivaa. Koti lilinikaa vizuri ajabu. Suruali niliikunja.

Nikaweka kadi kumi na nne na pesa ya kopo mbele ya keshia mmoja, mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Mzito huyo! Nikatoa daftari nikaanza kazi. Kasi: sifuri. Akazishika kadi moja moja kama anachambua mchele, akaniuliza, kaka, hizi zote za nani? Tabasamu: moja. Akauliza kama aliyenituma nimewahi kumwona kwa macho. Adabu: mbili. Akauliza kama nimekatazwa kumwambia mtu. Hapo nilishtuka. Kisha nikaelewa: ni mtihani! Kampuni inapima kama natunza siri. Nikamjibu kwa sauti ya kiofisi kwamba mimi ni mnunuzi wa kawaida kabisa na sina siri yoyote duniani. Foleni ikaanza kuguna. Akabonyeza kengele, akamwita meneja.

Meneja akaja. Kadi hakuzitazama. Alitazama mfuko wa koti, mahali ulipowahi kuchanika ukashonwa kwa uzi mweusi. Akaniuliza kwa upole suti yake nimeipata wapi.

Nikapelekwa ofisini. Koti alilichukua palepale. Suruali aliniachia, na hilo namshukuru sana. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nimevaa fulana yenye matobo, nikamweleza yote. Keshia akaingia. Pesa yangu alikuwa hajaigusa, akanirudishia mkononi. Akasema miezi michache nyuma alimuuzia mwalimu mstaafu kadi kama hizi, haraka haraka na tabasamu juu, kwa sababu wateja wanapenda haraka. Mwalimu akarudi kesho yake analia. Namba ukishazituma, pesa imekwenda, hakuna wa kuirudisha. Tangu siku hiyo akiona mtu na kadi nyingi, yeye huwa mzito makusudi.

Nikampigia shemeji benki. Akasema alikuwa ananitafuta. Hundi ni hewa, kampuni iliyoandikwa juu yake haipo. Akaongeza kwamba kazi ya kweli unaiomba mwenyewe, na hulipwi kabla hujaifanya. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nililia. Sioni sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe. Miaka miwili ya moshi, na mimi nilikuwa naikabidhi kwa mtu kwa sababu kaniita Mheshimiwa.

Ijumaa, 7 Juni
Nilimwambia mke wangu kabla ya chai. Akashusha kopo, akahesabu mara mbili bila kunitazama. Zilikuwa kamili. Nikatamani anitukane. Kisha akauliza kama jana nilikula mchana. Nikasema sikula. Akanikatia mkate. Sijui nimemfanyia nini Mungu mpaka akanipa mwanamke huyu. Pesa zimehamia kwa shemeji mpaka kesho, na hilo pia ni haki.

Koti nililiomba tena, suti nzima nimeifua upya, nimeipiga pasi kwa kitambaa cha maji, mfuko nimeushona kwa uzi wa kijivu. Bure. Meneja alipoiona alisema haijawahi kunyooka hivyo, akauliza kama naweza kufua na aproni za supamaketi nzima. Mimi! Keshia nilimpelekea ripoti yangu, ile ile, nimekata maksi za zamani. Kasi: kumi. Tabasamu: kumi. Adabu: kumi. Aliisoma taratibu. Akaibandika kwenye mashine yake.

Jumamosi, 8 Juni
Oveni imeingia ndani kwa msaada wa majirani wanne na mlango mmoja uliong'olewa. Mkate wa kwanza ulitoka na rangi moja juu hadi chini. Mke wangu alisimama kando yake amefumba macho, hakuna moshi, anavuta tu harufu. Wa pili tulimpelekea keshia. Nimeapa: mipango basi.

Jumatano, 12 Juni
Dunia ina watu wema. Leo kaniandikia Mkuu wa Idara ya Fidia kwa Wateja wa Siri Waliotapeliwa. Ana habari zangu zote na amesikitika sana. Nikamwambia kwa uaminifu kwamba sikupoteza chochote. Akasema waathirika wa aina yangu ni adimu, ndio wanaopewa fidia kubwa zaidi.

Safari hii nimekuwa macho. Nikamwuliza wazi kama anataka pesa. Hataki hata senti! Hapo nikajua ni wa kweli. Anataka dhamana tu, kifaa chochote cha thamani, nimtumie picha yake leo. Gari la idara litakuja kukichukua kesho na kukirudisha Ijumaa pamoja na fidia. Nisimwambie mtu, wasio na sifa wasije kujipenyeza.

Nilimshukuru mara tatu. Mke wangu katoka kununua unga, kwa hiyo nilifanya haraka. Picha nimeshaituma. Imetoka vizuri, hata mkate unaonekana ndani kupitia kioo.