Baketi la Chunya

Jumatatu, 9 Juni 2025

Limefika! Baketi la kuchimbia, kutoka Chunya, juu ya lori la tumbaku, limefungwa kamba kama mbuzi wa harusi. Jekundu. Meno matano. Nimelizunguka mara tatu. Sasa ule mkono wa kuchimbia niliofunga nyuma ya trekta langu una kiganja.

Kamati ya maji imempa kila mwenye nyumba hapa Kihesa kipande cha mtaro, achimbe kwa jembe. Jumamosi mafundi wanalaza bomba. Pasipochimbwa, bomba linaishia hapo, na walio juu wanakosa. Kipande changu ni hatua thelathini. Juu yangu kuna nyumba saba.

Shemeji Joachim, kaka wa marehemu mke wangu Yusta na jirani yangu, ameshachimba nusu ya chake. Aliniuliza kama nitachimba au nitapiga picha na chuma. Nilimjibu kwamba nitamaliza kwa saa moja, tena nikiwa nimekaa.

Yusta alipandisha madumu kilima hiki miaka kumi na tisa. Nilimwahidi bomba nje ya jiko. Miaka kumi na tisa nilisema mwakani.

Jumanne, 10 Juni

Baketi halishiki! Masikio yake mawili, yanayotakiwa kuubana mkono wa trekta huku na huku, yameachana mno. Inchi tatu za hewa tupu. Haiwezekani. Nilipima mwenyewe kabla ya kuagiza, kwa futikamba ya cherehani ya Yusta.

Fundi Aroni, mchomeleaji, aliomba kuiona. Akaikunjua. Akauliza inchi ya kwanza iko wapi.

Nikakumbuka. Panya waliitafuna mwaka ule wa sare za kwaya. Yusta akakata palipoliwa, na tangu hapo futikamba inaanzia tatu. Yeye alikuwa anatoa tatu kichwani. Kwaya nzima ilipendeza.

Aroni alicheka mpaka akavua miwani. Atajaza pengo kwa vipande vya bomba nene.

Jumatano, 11 Juni

Limekaa! Pini mbili, grisi, safi kabisa. Nikapanda kwenye kiti, nikageukia nyuma kulitazama. Meno yote matano yananielekea mimi.

Haikunipendeza. Yusta hakumpa mtu kisu kwa ncha hata siku moja. Alikigeuza, mpini mbele. Nikamwambia Aroni aligeuze baketi, meno yatazame mbali. Alisema yameelekezwa huko kwa sababu. Nilisema sababu ni nyingi, mwenye trekta ni mmoja. Akageuza, huku akipiga mluzi.

Joachim amemaliza kipande chake. Alipita akanisalimu "Kamwene, shemeji" kwa sauti tamu mno. Uji ulinishinda.

Alhamisi, 12 Juni

Majaribio. Walikuja watu ishirini, pamoja na mwenyekiti wa kamati, Mama Veneranda, na daftari lake. Nilivaa koti la Krismasi.

Nikavuta wenzo. Baketi likaipapasa ardhi kwa mgongo, likarudi tupu. Nikasukuma wenzo. Meno yakauma! Ila ardhi haikuondoka. Trekta ndilo lililoondoka. Likaenda, likaenda, mimi nimegeuzia mgongo kule ninakopelekwa, mpaka katikati ya mboga za chainizi za Joachim. Matuta mawili yamekwisha. Watu walishangilia. Niliwapungia mkono, niliona ndiyo adabu.

Mama Veneranda alisema baba, chukua jembe. Nikamwomba siku moja tu. Aroni alikuwa ameinama muda mrefu, eti anafunga kamba za viatu. Alivaa kandambili.

Ijumaa, 13 Juni

Aroni ameyarudisha meno yanielekee. Na LINACHIMBA! Linachota udongo kama ugali wa moto! Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Niliimba sauti ya nne ya kwaya peke yangu. Nilipiga honi kila hatua. Joachim alitoka na mswaki mdomoni, akasahau kuutoa. Siku tamu kama hii sijaiona tangu msiba.

Hatua ya kumi na mbili, kishindo. Vipande vya bomba vimeachia, pini imeruka, baketi limebaki chini ya mtaro. Mkono ukapanda juu mtupu, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Aroni alikuwa tayari ameondoka kwenda Mgololo, dada yake anaolewa. Hatarudi mpaka Jumapili.

Zimebaki hatua kumi na nane. Nikachukua jembe. Nikachimba mbili. Kiuno kikakataa.

Bibi Rozalia wa nyumba ya juu kabisa alipita na dumu lake kichwani. Hakunilaumu. Alisema pole, mwanangu. Heri angenitukana.

Jumamosi, 14 Juni

Niliamka saa kumi na moja nikachimbe. Majembe yalikuwa yanalia tayari. Joachim, Mama Veneranda, nusu ya kwaya. Nilipotaka kuingia mtaroni Joachim alinizuia. Alisema kipande hiki si changu, ni cha dada yake, nikae pembeni nisije nikawavunjia jembe. Hatua kumi na sita ziliisha kabla chai haijachemka. Baketi walilivuta kwa kamba, watu wanane, wakilitukana kwa Kihehe.

Saa tisa, maji! Nje ya jiko! Nilifungua, nikafunga, nikafungua. Nilijaza dumu la njano la Yusta mpaka likamwagika, kisha nikagundua hakuna pa kulipeleka. Nikaliacha pale pale. Joachim alikunywa kwa kiganja, akageuka akatazama barabara muda mrefu. Nyumba zote saba za juu zimepata. Bibi Rozalia alipiga vigelegele hadi akakohoa.

Baadaye Mama Veneranda alitushukuru. Akasema mwezi ujao ni msingi wa tenki, kila nyumba na kipande chake. Nilisimama kabla hajamaliza. Nimewaambia wote majembe wayaache nyumbani.

Joachim alikwenda moja kwa moja dukani kununua mpini mpya wa jembe.