Redio ya Watu wa Theluji

Jumatatu, 13 Januari
Theluji. Tena! Asubuhi nimechota rundo lote lililoziba njia yangu ya gari, moyo unapiga kama ngoma ya harusi. Namaliza tu, gari la mji la kusukuma theluji likapita na kunirudishia lote, na nyongeza juu. Nikatukana. Dereva akanipungia mkono. Mshenzi.
Marlys kapiga simu. Binti yangu anakuja Jumamosi. Kasema akinikuta na koleo la theluji mkononi, nafunga mizigo siku hiyo hiyo. Chumba kipo, keshaulizia. Chumba! Nyumba ya wazee, huko kwake Green Bay, wanakolishwa uji na kupigiwa makofi wakiumaliza. Nimemwapia sijagusa koleo tangu daktari anikataze. Nilikuwa nimelishika.
Siondoki. Mke wangu Helmi alifia humu. Nami nitafia humu, ila si wiki hii.

Jumanne, 14 Januari
Wazo! Gari la mji hukwepa kitu kilichosimama. Nikiichomoza pikapu yangu barabarani, dereva atazunguka, na mzigo wote utamwagikia njia ya Reino Lahti, jirani wa upande wa chini. Reino ana mashine mpya ya kutupia theluji. Nyekundu. Huipangusa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Basi apate kazi!
Tatizo: theluji ikianguka, gari lolote lililoegeshwa barabarani mji hulivuta. Lazima nitoke dakika ile ile wanayofika. Na wale watu husemezana redioni siku nzima, wako mtaa gani, nani kakwama. Ninayo skana, redio ya kunasia mazungumzo ya watu, niliinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu fulani.
Nimezungusha masafa mpaka kidole kikafa ganzi. Nimepata zimamoto. Nimepata basi la shule. Nimepata wazoa taka wakimsengenya mke wa mwenzao, nikatua hapo kidogo. Watu wa theluji, kimya.

Jumatano, 15 Januari
Hesabu sikusoma, ujanja ninao. Nimeegesha mbele ya karakana ya mji, skana magotini ikitafuta yenyewe. Nikamkodolea macho Darlene, dereva wa gari lao kubwa, nikisubiri ainue kipaza sauti cha redio. Akainua. Skana ikaganda kwenye masafa yao. Ndiyo hapo!
Alikuwa anamuuliza bosi wake: yule mzee wa mtaa wa Tamarack yuko nje anatutolea macho, nimpe kahawa au nimwite polisi? Bosi akasema mpe kahawa, mkewe alikufa.
Kahawa nimeinywa. Masafa nimeyafungia kwenye skana. Huruma yao wakae nayo.

Alhamisi, 16 Januari
Ushindi! Darlene katangaza yuko mtaa wa nyuma. Nikachomoza pikapu. Akaja, akapiga honi, akazunguka. Kwangu peupe. Kwa Reino mlima!
Reino akautia mashine. Ndani mlikuwa na bonge la barafu. Kraa! Kitu kikavunjika. Akaniita mwanaharamu mzee, akasema nisijifanye nafunga kiatu, ameniona. Nikamwambia mashine za siku hizi ni mapambo.
Mkewe alisimama dirishani. Kila Alhamisi huniletea supu ya samaki. Leo haikuja. Nimekula mkate mkavu, wima, jikoni.

Ijumaa, 17 Januari
Dhoruba. Betri za skana zimekwisha, nikaichomeka kwenye pikapu. Darlene anakaribia. Nikachomoza pua barabarani, nikazima injini nimsikie vizuri. Bosi akamgeuza: bomba la maji limepasuka kilimani, kwanza apeleke mchanga huko, barabara isiteleze. Nikasubiri. Nikisikiliza. Taa zikiwaka, nisionekane nimetelekeza gari.
Nikamsikia akirudi. Akasema pikapu ya Tamarack iko barabarani tena, leteni gari la kuvuta. Kisha skana ikazimika. Nikazungusha ufunguo. Tk. Basi. Betri ya gari nayo imekufa!
Darlene akashuka, mikono kiunoni. "Mzee wangu, jana nilikuachia. Leo siwezi."
Wakaivuta pikapu. Halafu akapita, chuma cha kusukumia kikiwa chini, hana cha kukwepa tena. Rundo likanifika kifuani. Reino alikuwa barazani. Hata hakucheka. Ningependa acheke.

Jumamosi, 18 Januari
Nimechimba tangu kulipokucha. Mikono haihisi kitu. Reino akatoka na koleo lake, akachimba kando yangu. Nikamwambia sikumwita. Akasema, "Nyamaza, chimba."
Marlys akafika, gari lake likakwama barabarani. Akanikuta nimepiga magoti kwenye theluji, siwezi kuinuka. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Reino akamwambia, mbele yangu: mchukue, binti yangu, huyu atakufa hapa na mimi ndiye nitakayemwokota.
Msaliti! Mkewe ndiye aliyenikunjia nguo.

Alhamisi, 30 Januari
Green Bay. Dirisha langu linatazama maegesho. Chakula laini, watu laini zaidi. Jumapili Marlys alikuja, akakaa na koti mwilini, akaondoka kahawa haijapoa. Kasema barabara zitaharibika.
Nimewapata watu wa theluji wa hapa! Skana imeganda kwao leo asubuhi. Dereva wao ni mvivu: theluji yote ya maegesho huisukumia pembe ile ya jikoni, kilichopo hapo hufukiwa hadi paa.
Jumapili hii wametabiri dhoruba. Nimempigia Marlys. Nimemwambia akija aegeshe pembe ya jikoni, hapana upepo. Kaniuliza tangu lini nimeanza kumjali.
Tuone ataondokaje.