Nyumba Niliyoigundua Mtawanya kwa Satelaiti

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe. Tena mbele ya bosi!

Ofisi yetu ya ardhi siku hizi inanunua picha za satelaiti kutoka kampuni binafsi. Msomaji wa picha ni mimi. (Ndiyo, mimi niliyewahi kupotea nikitoka sokoni kwenda stendi.) Bosi wangu, Mama Lyimo, alishaniambia: "Zikitusaidia, kazi hii ni yako moja kwa moja. Zikituaibisha, unarudi masijala kupanga mafaili."

Asubuhi nikaiona! Kiwanja cha serikali kule Mtawanya, kimetengwa kwa ajili ya zahanati. Mwezi uliopita kilikuwa kitupu. Picha ya juzi ina mraba mweupe unaong'aa.

"Mvamizi! Kashaezeka bati!" Nikatamba ofisi nzima. Gari likatoka na Mama Lyimo, mgambo wawili, na mimi na kopo la rangi nyekundu, nikaichore X nyumba ya watu.

Tumefika, naongoza msafara. Simu mkononi, kifua mbele. "Hatua ishirini... kumi... hapa!"

Nyumba hakuna.

Kuna turubai jeupe, kubwa, limejaa makopa. Bibi mmoja anageuza mihogo yake ikauke vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mbona na rangi?"

Nikaeleza. (Kwa nini nilieleza?) Kwamba serikali imeiona nyumba yake kutoka angani. Akanitazama mimi, akalitazama turubai.

"Basi ngoja niikunje, mwanangu, nihame nayo. Hiyo X utaichora kwenye kopa lipi?"

Mgambo mmoja alikaa chini kwa kucheka. Mimi natamani ardhi ipasuke.

Bibi naye kashaita majirani: "Njooni! Makopa yangu mimi Somoe yameonekana mpaka angani! Nani mwingine yake yameonekana?" Kwa maringo alinizidi mbali.

Nikamgeukia Mama Lyimo, roho mkononi. Anafuta machozi ya kucheka.

"Picha haikukosea. Imeona kitu cheupe, na mahali umepapatia bila kubabaisha. Aliyekiita nyumba ni wewe. Kazi chukua. Ila kabla hujaita gari, tangulia kwa miguu ukaone."

Nimeipata kazi, jamani! Najivunia, wala sifichi.

Kesho naanza na viwanja vya Likombe, kwa miguu. Mkinikuta njiani nisalimieni tu, msiniulize bei ya makopa.