Dereva Hayumo

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Hapa karakana ya kompyuta mimi ni wa ufagio na chai. Binti yangu ni fundi. Bosi katangaza: kompyuta kuukuu za hospitali ziamke Ijumaa. Fundi atakayeziamsha abaki kazini. Mwingine, kwaheri. Mshindani wa binti yangu ni Bwana Kibonyezo: anabonyeza mara moja, mashine inajijengea kila kitu, yeye kakunja nne. Binti yangu anajenga kwa mkono, kimoja kimoja. Nikamuuliza anajenga nini. Akasema kiini cha Linux, mama. Roho ikaniruka! Mtoto niliyemlea vizuri, leo anafanya kiinimacho? Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe Linux ni programu ya kuendeshea kompyuta, na kiini ndicho moyo wake. Na kuna kitu kinaitwa initrd: hutangulia kama mkunga, hukifungulia kiini mlango wa diski, kisha hujiondokea. Hapo nikaelewa. Mkunga namjua.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: kumpotezea Kibonyezo muda. Nimempa chai, nimemsimulia uchungu wa kila mwanangu, mpaka yule aliyetanguliza miguu. Kasikiliza kwa adabu, pole mama, pole mama. Nilipomaliza, mashine yake nayo ilikuwa imemaliza kazi ya siku nzima. Peke yake! Sakafu haijafagiwa. Bosi kanisema.

Jumatano, 5 Machi
Nimechomoa waya wake. Eti nachomeka birika. Kumbe waya ule unalisha meza zote mbili! Umeme uliporudi, ya Kibonyezo ikaendelea yenyewe ilipoishia. Ya binti yangu? Alikuwa hajahifadhi kitu. Zii. Hakunigombeza. Kasema tu mama, nenda nyumbani ukapumzike. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 6 Machi
Binti yangu kaanza upya. Mchana kaijaribu kazi yake kwenye kompyuta moja kuukuu: skrini nyeusi tii. Akashika kichwa: dereva hayumo! Bila dereva, diski haionekani! Sikungoja zaidi. Nimemtoa kitandani kaka yangu, dereva wa lori aliyekesha barabarani, kaja na leseni mkononi. Kauliza mzigo uko wapi. Karakana nzima hoi kwa kicheko. Kumbe dereva huyo ni kipande cha programu, hupakiwa ndani ya initrd. Kaka kasema nisimpigie tena mpaka afe mtu. Kibonyezo kacheka hadi kavua miwani. Binti yangu kampakia dereva wake kwa mkono, kompyuta ikaamka.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kasimama. Kibonyezo kabonyeza. Nyeusi tii! Mashine yake imepakia dereva wa kompyuta mpya ya mezani kwake, si wa hizi kuukuu. Hajui ashike wapi. Ya binti yangu ikaamka papo hapo. Nikapiga kigelegele. Lakini Bosi kasema kompyuta zimejaa chumba kizima, kwa mkono tutazeekea humu. Binti yangu amwonyeshe Kibonyezo dereva gani anatakiwa, mashine ifanye mengine. Wote wanabaki! Kanikumbatia, kasema mama, yamekwisha, nakuomba usiguse kitu tena. Nimeapa.

Jumamosi, 8 Machi
Usingizi sina. Binti yangu anamfundisha yule kila anachokijua. Mashine ikishajua, yeye wa nini? Mtoto hana choyo, hana akili. Jumatatu naanza na kibodi ya Kibonyezo: chai, sukari ya kutosha. Waya sirudii, mimi si mjinga. Nimejaribu mbele ya kioo: "Ala! Samahani baba, mkono umeteleza." Inatoka vizuri. Nikiongeza machozi kidogo, itatoka vizuri zaidi.