Ombi la Kuitangaza Ng'ambo ya Mfereji Kuwa Nchi ya Nje

Ndugu Msimamizi wa Uchaguzi,

Anayekuandikia ni fundi viatu wa kibarazani kwa kinyozi. Unanijua vizuri, kiatu chako cha kulia kiko kwangu tangu mwezi uliopita na sijui siku hizi unatembeaje. Shule niliishia darasa la nne, lakini nililisoma mara mbili, kwa hiyo nahesabu la tano. Ukikuta kosa, lipige chenga uendelee.

Nalalamikia kampeni za ubunge wa jimbo letu. Wagombea ni wawili, mwalimu mstaafu wa hesabu na mama mwenye duka la dawa. Wote watu wazuri. Lakini wiki ya tatu sasa wanabishania kisiwa kimoja cha huko mbali, kinachogombewa na nchi mbili. Kisiwa chenyewe hakina hata mtu mmoja. Kina mawe na ndege. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbao mbili za daraja la mfereji, hapo nyuma ya soko, zimekatika. Mke wangu ana goti bovu na zahanati iko ng'ambo. Alhamisi anatakiwa kliniki, na mwezi uliopita aliikosa kwa sababu hiyo hiyo. Nilimsimamisha mwalimu njiani nikamweleza. Akanishika bega: "Mzee wangu, hilo dogo, ondoa shaka. Msimamo wangu kuhusu kisiwa umeusikia lakini?" Nikaenda kwa mama wa dawa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu na karatasi. Nikafurahi. Kumbe ananichorea kisiwa.

2. Mikutanoni wanatundika ramani ya dunia. Nilisogea karibu ili nione na sisi tuko wapi. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali, wakaongeza msumari wa katikati. Jimbo letu lote liko chini ya msumari huo.

3. Kinyozi hagusi kichwa cha mtu kabla hajauliza kisiwa ni cha nani. Mimi alinisahau, akaniuliza nikiwa tayari nimenyolewa upande mmoja. Nikakosea jibu. Akazima mashine, akaketi: "Babu, fikiri taratibu, mimi sina haraka." Nilikaa pale na kichwa chenye mpaka katikati, wapita njia wakinichungulia, mpaka nikahamia upande wake. Nitauunga mkono hadi nywele ziote.

4. Mke wangu, ambaye hajawahi kuona kisiwa chochote, anasema kisiwa wapewe ndege, wao ndio wanakaa huko. Katika kampeni nzima ndiye pekee aliyetoa suluhisho. Naye ndiye ambaye hatapiga kura, maana kituo chetu nacho umekiweka ng'ambo. Hapo, ndugu yangu, nakulaumu wewe.

5. Kwa hayo yote, naomba kwa heshima kubwa ng'ambo ya mfereji itangazwe kuwa nchi ya nje kabla ya Alhamisi. Faida zake utaziona mwenyewe. Zile mbao zitakuwa mgogoro wa mpaka, na wagombea wote wawili watalazimika kuwa na msimamo. Ramani itachorwa upya, na safari hii msumari utapigwa kwa watu wengine. Mimi nitakubali kuwa balozi, viatu vya kibalozi ninavyo, ni vya mteja lakini vinanitosha.

Ukishindwa, nimeandaa barua mbili kwa zile nchi zinazogombana, kila moja yake, sitaki kupendelea. Nazialika zije zilinyakue daraja letu. Nimewasihi jambo moja tu: wavamie kutoka upande wa zahanati, ili wasiweze kutufikia bila kuweka mbao kwanza. Wakishavuka tutajisalimisha bila usumbufu wowote. Mke wangu atapishana nao akienda kliniki.

Nisalimie karani wako, mpiga mihuri, na yule mlinzi wa getini aliyenirudisha juzi akisema sina miadi. Mwambie soli yake ya kushoto inacheka, ailete.

Wako mtiifu, isipokuwa siku za mvua,
Fundi Viatu

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii, akauliza mbona sijaandika nani alikileta hicho kisiwa. Naandika akiwa amenisimamia. Mkutano wa kwanza wagombea walikuja kuzungumzia madaraja. Nilipopewa kipaza sauti nilikusudia kuuliza zile mbao mbili, naapa. Lakini kinyozi alikuwa ameuliza habari za taa za barabarani, watu wakapiga miayo. Na mimi asubuhi ile nilifunga kiatu cha mtu kwa gazeti lenye habari za kisiwa. Nikauliza kisiwa. Nilipigiwa makofi mpaka nikakaa, nikasimama tena. Hata siku ya harusi yangu sikupigiwa makofi namna ile, na anayenisimamia hapa ni shahidi.

Basi futa namba moja hadi tano. Alhamisi nitambeba mgongoni mimi mwenyewe. Amekubali, kwa sharti nisitaje kisiwa mpaka nimshushe zahanati. Siku ya kura nitambeba tena, kwa sharti lile lile.

Ila mkutano ni Jumamosi, na nina kaswali kadogo sana kuhusu bandari moja ya huko mbali. Niwekee kiti karibu na kipaza sauti.