Kibali cha Mzuka Kupita Ukutani

Idara ya Uadilifu wa Wahusika wa Kubuni inayo furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la wahusika wasioeleweka katika tamthilia za runinga lilipatiwa ufumbuzi wa kudumu. Ufumbuzi huo ulidumu siku kumi na mbili. Mimi, Afisa Uainishaji Daraja la Pili, nilikuwepo tangu mwanzo, na naeleza kama ilivyokuwa.

Kazi yetu ni nyepesi kueleza. Kila mhusika anajaziwa fomu yenye visanduku viwili, Mwema na Mbaya, kisha anapigwa muhuri. Kabla ya Idara kuundwa, mtazamaji alilazimika kuamua mwenyewe, akiwa nyumbani kwake, bila usimamizi wowote.

Aliyetusumbua ni mkunga mmoja, marehemu. Katika tamthilia ya kila Jumamosi saa kumi jioni, mzuka wake hupenya kuta usiku na mchana kwenda kuzalisha wanawake walioachwa peke yao. Tatizo ni namna anavyofanya. Huiba dawa. Huwadanganya polisi bila kupepesa jicho. Wakati fulani alimwingia mwilini daktari mlevi, akamwendesha kama baiskeli mpaka chumba cha upasuaji. Nilipiga hesabu: makosa arobaini na moja, watoto hai kumi na wawili.

"Ni mwema au mbaya?" Mkurugenzi wetu aliniuliza.

"Inategemea, mkuu."

"Sina kisanduku cha inategemea."

Tukamwita kwa barua mwandishi wa tamthilia, mama wa makamo mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Mkurugenzi alimkaribisha kiti vizuri tu.

"Dada, huyu mzuka wako anaiba."

"Anaiba dawa, mkuu. Kuna mtu anatokwa damu."

"Angeandika barua ya maombi."

"Ameshakufa."

"Kufa hakumwondolei mtu wajibu wa kufuata utaratibu."

Mwandishi alinitazama mimi. Mimi nikatazama feni. Mkurugenzi akamweleza kwamba mzuka awe mwema mwanzo hadi mwisho, ama tamthilia ifungwe, na watu thelathini na wanne wanaoitegemea watafute shughuli nyingine.

Mama yule alichomoa kalamu kwenye nywele. "Sawa," alisema. "Atakuwa mwema."

Nilipomsindikiza hadi ngazini aliniuliza kama huwa naitazama. Nikamjibu kwamba naitazama kikazi.

"Na mkeo?"

"Mke wangu hulia. Lakini hiyo ni nje ya saa za kazi."

Jumamosi iliyofuata mzuka alikuwa mwema kupita kiasi. Nyuma ya ukuta mwanamke alikuwa anajifungua peke yake, mlango umefungwa kwa nje. Mzuka hakupenya. Alikwenda ofisini, akachukua namba, akapanga foleni kuomba kibali cha kupita ukutani. Afisa husika alikuwa ametoka kunywa chai. Nusu saa nzima tulimtazama mkunga ameketi kwenye benchi, mikono imetulia mapajani, huku sauti ya mwanamke ikizidi kufifia. Kipindi kikaishia hapo.

Mkurugenzi alinipigia simu akiwa na furaha tele. "Umeona nidhamu ile?"

Jumatatu asubuhi hatukuweza kuingia ofisini kwetu. Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka jengo, ikapotelea kwenye duka la vifaa vya umeme. Hakuna aliyepiga kelele wala kubeba bango. Kila mtu alishika barua yenye kichwa cha habari kimoja: Ombi la Kibali cha Mzuka Kupita Ukutani. Wa kwanza kabisa alikuwa bibi mfupi aliyekuja na kigoda chake. Alikuwa mama mzazi wa Mkurugenzi.

"Mama, huu ni mchezo tu wa runinga," Mkurugenzi alimwambia kwa sauti ya chini.

"Kama ni mchezo tu, kwa nini uliuandikia barua?"

Watu wa mbele wakacheka. Mkurugenzi akamwomba mama yake waende wakazungumze nyumbani. Bibi hakubanduka kwenye kigoda.

"Siku nilipokuzaa wewe, chumba cha dawa kilikuwa kimefungwa," alisema. "Ufunguo alikuwa nao karani, na karani alikwenda kula. Wewe ulikuwa umeshaanza kubadilika rangi. Mkunga akavunja mlango kwa teke, akaiba dawa. Wiki iliyofuata wakamfukuza kazi. Sasa wewe mwenye visanduku niambie, yule mama nimwandike wapi?"

 Mkurugenzi alipokea barua ya mama yake kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Kibali cha namna hiyo hutolewa na Kamati ya watu tisa, ambayo hukutana mara moja kwa robo mwaka. Muhuri hukaa chumbani kwa Mwenyekiti, naye alikuwa safarini. Saa saba mchana nilimwona Mkurugenzi, mtu wa kilo tisini na tano, akiingia chumba hicho kupitia dirishani, koti limenasa kwenye komeo. Aligonga muhuri kwenye barua ya mama yake, akaweka saini ya Mwenyekiti kwa ustadi ulionishangaza.

"Umeona kitu?" aliniuliza akitoka, miguu ikiwa tayari nje.

"Nimeona, mkuu."

"Basi fanya kazi yako."

Nilifanya. Kibali kilimfikia mwandishi, na Jumamosi mzuka alipenya ukuta, mtoto akalia, na mtaa mzima ukapiga makofi. Jumatatu Mwenyekiti alirudi, nikamkabidhi taarifa ya niliyoyaona. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akamsimamisha Mkurugenzi kazi, kisha akaninong'oneza kwamba mkewe anashukuru.

Wiki jana nilimpelekea bosi wangu vitu vyake nyumbani. Nilimkuta sebuleni na majirani saba, mama yake akigawa chai.

"Miaka yote hii nilikuwa siwezi kuwaeleza watu mwanangu anafanya kazi gani," bibi alisema akinijazia kikombe. "Sasa naeleza. Aliiba muhuri."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu, mpaka alipomgusa mama yake mkono.

"Mama, waeleze na lile la dirisha."